Fundi Aliyeyaogopa Magari Yake

Kila mwaka chumvi ilipokwisha barabarani na watu wa mji wetu wa Saginaw wakaanza kuyafunua magari yao ya kiangazi, shemeji yangu Norbert Jaskulski alikuwa akisoma gazeti kwa kuanzia ajali. Wenzake wote pale mgahawani walianza na besiboli. Yeye alitafuta jina la aliyeumia, kisha aina ya gari, kisha mwaka wake, na kama si lile aliloliogopa alilikunja gazeti akaomba kahawa ya pili. Mkewe, dada yangu Lorraine, Mungu amrehemu, alidhani ni mambo ya uzee. Mimi nilijua ni nini, maana nilikuwa nikilichungulia gazeti lile lile juu ya bega lake.

Kwa miaka ishirini na sita mimi na Norbert tulikuwa na gereji ya bodi nyuma ya nyumba yake. Huku kwetu chumvi inamwagwa barabarani kuanzia Novemba mpaka Aprili ili theluji isituue, na chumvi inalipiza kwenye magari kwa kutu. Gari zuri linang'aa juu, ukiingia chini unakuta limegeuka maandazi. Norbert alianza kazi akiwa mtu wa haki. Alikata palipooza, akachomelea chuma kipya, akakulipisha bei iliyokutoa machozi. Lakini watu wengine walikuja hawana hata hayo machozi. Mtu ana watoto, ana zamu ya alfajiri, gari lake unaiona lami kupitia sakafuni, na anakutazama. Utafanyaje? Norbert alikata kipande cha bati, akakibana, akakandika puti, akapaka ile lami nyeusi ya chini ya gari, na hakuna jicho lililogundua. La kwanza lilikuwa huruma. La kumi lilikuwa biashara. Baadaye wakaja watu ambao hata hawakutaka kuliendesha gari. Walitaka lionekane zima mpaka wapate wa kumuuzia. La kuvunda halina ubani, walisema wahenga, lakini wahenga hawakumwona Norbert na kopo lake la lami.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nashika tochi. Nisijifanye malaika.

Lorraine alipofariki, miaka sita iliyopita, Norbert alifunga gereji wiki hiyo hiyo. Tangu hapo akawa na kazi nyingine isiyo na malipo. Ukitaka kununua gari lililotumika popote kuanzia hapa mpaka Bay City, unampigia Norbert, naye anakuja na sumaku, isiyonata kwenye puti, na bisibisi, analala chini ya gari dakika ishirini, anatoka anakuambia chukua au kimbia. Aliokoa watu wengi. Kanisani walimwita mtu wa Mungu. Mimi niliposikia hivyo nilikuwa nakohoa tu.

Hakuwa mtu wa Mungu. Alikuwa mtu mwenye hofu, anayelipa deni kwa watu wasio wadai wake.

Binti yake wa pekee ni Corinne. Ana miaka thelathini na minane, ana mabega kama ya marehemu babu yake aliyefanya kazi kwenye tanuri la chuma, na anaendesha lori la serikali ya kaunti la kusukuma theluji na kumwaga chumvi. "Mimi nayaozesha, Baba anayafufua," alipenda kusema mezani, na Norbert alikuwa akicheka pamoja nasi, kisha anainuka kwenda kuchukua kitu jikoni, anarudi mikono mitupu. Miaka kumi na mmoja Corinne alikuwa akiweka pesa ya zamu za usiku ili anunue gari moja tu la misuli, yale ya injini kubwa ya mbio. Si jipya. Alitaka Mustang ya mwaka 2003, ile yenye nembo ya nyoka, silinda nane, injini inayounguruma hata ikiwa imepoa. Picha yake ilikuwa ndani ya mlango wa kabati lake kazini, mahali ambapo wanawake wengine huweka picha ya mume.

Mwezi Mei mwaka jana akalipata. Mzee mmoja anaitwa Gerald Teachout, anaishi huko mashambani karibu na ghuba, alikuwa anauza. Rangi nyekundu, miaka minane mikononi mwake, halijaonja chumvi hata siku moja. Corinne alimpigia baba yake simu saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi, nami nipo pale nakunywa naye kahawa.

"Baba, vaa nguo za kulala chini ya gari. Na Mjomba aje, nataka mashahidi."

"Mashahidi wa nini?" nikadakia kwenye simu.

"Wa siku nitakayoacha kuwa mtu mwenye akili."

Tulikwenda sote watatu kwa pikapu ya Norbert. Njia nzima Corinne aliongea bila kituo, na Norbert alikula mkate wake wa soseji taratibu. Alikuwa na furaha. Nataka hilo lijulikane. Sikuwa nimemwona na furaha hivyo tangu mazishi.

Teachout alitupokea kwenye banda lililokuwa safi kuliko jikoni kwangu. Alivuta turubai kwa madaha, na gari likajitokeza, chini, pana, jekundu. Corinne hakusema kitu. Alilizunguka mara moja, mikono nyuma, akiogopa kugusa.

"Unaweza kuligusa, binti yangu," alisema Teachout. "Haliumi."

"Nikigusa nitashindwa kukuomba upunguze bei."

"Basi gusa haraka."

Tukacheka. Teachout akawasha. Sauti ile iliingia miguuni kwanza, kisha tumboni, na mapanga yaliyoning'inia ukutani yakaanza kutetemeka. Corinne alifunika mdomo kwa mkono. Norbert akaniangalia, akatikisa kichwa kama mtu anayesema, haya, tumekwisha, huyu hatatoka hapa bila gari.

Likazimwa, likapoa, likapandishwa kwenye jeki na vigogo. Norbert akatandaza boksi la karatasi sakafuni, akalala, akajisukuma chini. Nikachutama ubavuni na tochi, mahali pangu pa miaka yote. Corinne na Teachout walisimama mbele, boneti ikiwa wazi, wakibishana kuhusu oili.

Norbert alianza mbele. Akagonga, akasikiliza, akabandika sumaku, akasogea. Mbele pazima. Katikati pazima. Alikuwa anaimba polepole puani. Akafika nyuma, pale ambapo vyuma vinavyoshikilia ekseli vinaungana na bodi. Ni mahali pa kufa na kupona. Ukikanyaga mafuta, nguvu yote ya injini inasukuma pale. Akabandika sumaku. Ikashika, lakini kwa uvivu. Akagonga kwa bisibisi. Sauti ikarudi butu.

Wimbo ukakoma.

Akakwangua. Lami ikatoka nyembamba kama ganda la yai, ikaja puti ya kijivu, na chini ya puti kukatokea rangi. Kijani. Kijani kile cha parachichi lililoiva sana, ambacho hakuna gari duniani lililowahi kupakwa.

Mimi nilikijua kijani kile. Friji ya dada yangu Lorraine ilikuwa ya rangi hiyo. Ilipokufa tuliiburuta gereji, na Norbert akasema mlango wake ni bati zuri, unakatika kirahisi. Tuliukata mlango ule vipande kwa majira mawili ya baridi.

Ndipo nikakumbuka. Wakati ule gari hili halikuwa jekundu. Lilikuwa la fedha, la kijana mmoja aliyeliendesha kwenye theluji kama lori, akaja Februari akisema anataka kuliuza kabla halijamwangukia. Nyuma pote palikuwa pameoza. Norbert alimwambia mwenyewe kwamba pale bati ni kiraka cha macho tu, halishikilii kitu. Kijana akasema sawa, macho ndiyo ninayoyataka. Likapita kwa mnunuzi mmoja, akalibadilisha rangi, likapita kwa Teachout, mzee wa watu aliyekuwa akiliendesha Jumapili kwenda kununua aiskrimu, kwa mwendo wa maili thelathini kwa saa. Bati la friji lilikuwa halijaombwa kufanya kazi hata siku moja.

"Shemeji," Norbert alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Unaona?"

"Naona."

Uso wake ulikuwa umelowa jasho jembamba. Nilingoja aseme. Neno moja tu: limeoza. Amewaambia watu neno hilo mara mia. Lakini ukisema limeoza, Corinne anachutama kuangalia, na Corinne akichutama anaiona friji ya mama yake. Niliona yote hayo yakipita machoni pa Norbert. Kisha, kwa kidole gumba, akachota grisi kwenye ekseli, akaipaka juu ya ule ukijani mpaka ukapotea.

Na mimi nikazima tochi. Hakuna aliyeniambia niizime.

Akatoka chini. Akasimama kwa shida, akijifuta mikono muda mrefu kuliko kawaida.

"Haya, Baba?" Corinne alimkabili. "Chukua au kimbia?"

"Mmh," alisema Norbert. "Bima yake itakumaliza."

"Na nini kingine?"

"Rangi hii nyekundu polisi wanaipenda. Halafu hizo tairi, mwanangu, tairi za gari hili bei yake ni wizi. Tafuta jingine. Yako mengi."

Corinne akapasuka kicheko, akamgeukia Teachout. "Umemsikia? Huyu akikuta kutu anasema kutu. Akikosa kabisa, ndipo anapoanza kulia bima na tairi. Sijawahi kumsikia akilia hivi. Nachukua!"

Ni kweli. Kila aliyemjua Norbert alilijua hilo. Mtu amefanya ukweli kuwa desturi yake mpaka akanyamaza siku moja, na kimya chake kikasomwa kuwa ukweli. Corinne alikuwa tayari ameitoa hundi kwenye koti, na Teachout anatafuta kalamu.

"Nitaliendesha mimi mpaka nyumbani," Norbert alisema haraka. "Nilisikilize. Wewe panda na mjomba wako."

"Baba! Miaka kumi na mmoja."

"Nisikilize kidogo tu."

"Utalisikiliza kesho. Utalisikiliza mpaka uchoke." Akambusu shavuni, penye grisi, akavua koti akalitupa ndani ya pikapu yetu, akaingia kwenye gari lile. Akakaa. Akashika usukani kwa mikono miwili. Hatukupata hata nafasi ya kusimama mbele yake. Alitoka bandani polepole kama bibi harusi anayetoka kanisani, akakunja kushoto, akashika barabara kuu.

Norbert hakukimbilia pikapu. Alitembea tu, nami nikamsukuma ndani upande wa dereva kwa sababu ndiye mwenye funguo na hakukuwa na muda wa kubadilishana.

Huko mashambani barabara ni nyembamba na imenyooka maili na maili, mashamba ya viazi-sukari pande zote, na kando ya barabara mitaro ya maji yenye kina cha kummeza mtu. Hakuna ukingo. Gari likiacha lami linaingia mtaroni moja kwa moja. Corinne alikuwa mbele yetu kama robo maili. Taa zake mbili za nyuma, zile nyekundu, nilizitazama mpaka macho yakaniuma.

"Mpigie simu," alisema Norbert.

Nikapiga. Simu ikaita hapo hapo katikati yetu, ndani ya koti lake. Tuliitazama ikiita mpaka ikanyamaza.

"Anakwenda ngapi?"

"Hamsini na tano. Anakwenda vizuri tu. Tulia."

"Akilipita lori atakanyaga mafuta. Akikanyaga litang'oka bati la kushoto kwanza. La kushoto ndilo bovu zaidi. Ekseli itageuka hivi." Akanionyesha kwa mkono mmoja, kiganja kikipinduka. "Hivi, shemeji. Na yeye ataelekea kushoto."

"Nyamaza, Norbert!"

"Mimi ndiye niliyeukata ule mlango."

"Nimesema nyamaza uendeshe!"

Nilimfokea kwa sababu niliogopa. Huyo ni mtoto niliyemsimamia kwenye ubatizo, niliyemfundisha kuendesha pikapu hii hii kwenye uwanja wa kanisa, na nilikuwa nimezima tochi.

Norbert akaanza kuwasha taa kubwa na kuzima, kuwasha na kuzima. Mbele yetu taa za breki zikawaka. Akapunguza! Mkono wake ukatoka dirishani ukatupungia. Tulipumua sote wawili. Halafu nikaelewa. Huku kwetu mtu akikuwashia taa anakuonya kwamba polisi wamejificha mbele. Corinne alikuwa anamshukuru baba yake. Akaenda kwa adabu maili tatu, akitafuta polisi, na alipoona hakuna, akaongeza tena.

"Nampita," alisema Norbert. "Nampita nikae mbele yake nimsimamishe."

"Pita basi, kumetulia."

Pikapu ile ina miaka kumi na minne. Ililia, ikatetemeka, ikasogea. Tukaingia upande wa pili wa barabara, tukamfikia, tukawa sambamba naye. Nikateremsha kioo. Corinne alikuwa na miwani ya jua, nywele zinapepea, na sikuwahi kumwona binadamu amefurahi vile. Nilimpungia kwa mikono yote miwili nikipiga kelele simama, simama, lakini upepo wa ghuba ulizoa kila kitu. Na Norbert, kwa kiwewe, akapiga honi. Mara moja, mbili, tatu.

Mtu mwingine angeweza kukosea hivyo na lisitokee jambo. Lakini Norbert amezaliwa hapa, amekua kwenye barabara hizi, na yeye mwenyewe ujanani alipiga honi hizo kila Ijumaa. Ukienda sambamba na gari la misuli ukapiga honi tatu, umelichokoza. Umesema: haya, tuone. Niliuona uso wa Corinne ukigeuka, mdomo ukifunguka kwa mshangao, kisha kicheko. Pikapu ya baba yake inamchokoza! Akatutolea ulimi kama mtoto wa miaka saba.

"Usi—" alisema Norbert.

Corinne akakanyaga mafuta.

Gari lilikaa chini nyuma, pale pale, na likaruka. Sauti ile ilitupita kifuani. Kufumba na kufumbua lilikuwa mbali, likawa dogo, likawa doa jekundu kwenye lami, likapanda kilima kidogo cha njia ya reli, na likashuka upande wa pili. Hatukuliona tena.

Kisha nyuma ya kilima vumbi likapanda angani.

Norbert hakupiga kelele. Aliendelea kuendesha, mikono yote miwili kwenye usukani. Mimi nilikuwa nasali, na kwa aibu yangu sikuwa namwombea Corinne tu. Nilikuwa nasali kwamba, kama ni yeye, tusikute lile bati limekaa wazi juani, watu wote wakaliona.

Tulivuka reli. Vumbi lilikuwa la trekta linalolima. Dereva wake alitupungia.

Maili moja mbele, kwenye njia panda yenye kituo cha mafuta, gari jekundu lilikuwa limeegeshwa kivulini, na Corinne amekaa kwenye ukingo wa saruji anakunywa soda.

Norbert akaegesha mbali kidogo, akazima injini, na hakushuka.

Sasa nitasema jambo baya nililolifanya siku ile, kuliko hata tochi. Nilimshika mkono nikamwambia, "Sikiliza. Yuko salama. Mwambie umesikia breki zinalia, tuliache hapa, tuite lori la kuvuta. Kesho tunalikata nyuma, tunachomelea chuma cha kweli, tunapaka lami. Atapata gari zima na hatajua kitu."

"Na mimi nitajua lini kwamba hofu hii imekwisha?" akaniuliza.

Akashuka.

"Nimekushinda!" Corinne alipaza sauti. "Baba, na pikapu ile! Umeona lilivyo... Baba? Una nini?"

Norbert alisimama mbele yake na kofia mkononi. "Usiliwashe tena," alisema. "Limeoza nyuma. Limeoza kabisa. Niliona kule bandani."

"Uliona kutu?"

"Niliona kazi yangu."

Corinne alicheka kidogo, akanitazama mimi nithibitishe kwamba ni utani. Mimi nikatazama chini. Basi hakuuliza tena. Aliweka soda, akalala kifudifudi kwenye lami ya kituo cha mafuta, akaingiza mkono nyuma ya tairi, na nikaona bega lake likisukuma. Alisukuma kidogo tu. Kidole kiliingia mpaka mwisho. Akakichomoa na kipande cha bati kimekwama kwenye ukucha, upande mmoja grisi na puti, upande mwingine kijani. Aliketi pale pale chini akikigeuza kwenye jua.

"Hii ni friji ya Mama," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nabandika michoro yangu hapa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulikuwa chini ya gari. Ukaliona. Ukatoka, ukaniambia habari za tairi."

"Niliona haya."

"Haya." Alilirudia lile neno taratibu, akilionja. Kisha akanigeukia. "Na wewe, Mjomba?"

"Nilishika tochi," nikasema.

Nilitamani atutukane. Ana mdomo, Corinne; madereva wa malori wanamwogopa. Lakini alivitazama vidole vyake tu, na nadhani ndipo ilipomfikia kwamba dakika kumi zilizopita alikuwa akienda maili mia na kumi juu ya mlango wa friji. Norbert akainama kumshika bega, naye akasogea pembeni, si kwa hasira, kama mtu anayekwepa kitu cha moto.

"Mangapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Kama hili. Yaliyofungwa kwa mabati. Mangapi yako barabarani?"

Mimi nilikuwa na uhakika hakumbuki. Mimi mwenyewe sikumbuki hata nusu. Lakini Norbert alifumba macho akaanza kutaja, moja baada ya jingine, bila kusita: jina la mtu, gari, mwaka, upande uliooza. Lile limekwisha pondwa. Lile liliungua. Lile la mchungaji liliuzwa Ohio. Lile bado lipo. Na lile bado lipo. Aliyajua yote. Alikuwa ameyabeba kichwani miaka yote ile, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma majina makaburini. Corinne alichukua kalamu kwangu, akageuza karatasi ya mauzo ya gari lake, akawa anaandika nyuma yake yale yaliyobaki tu.

Alipofika la tisa, akasimamisha kalamu. "Pam Schlicker? Wa ofisi ya kaunti?"

"Lile gari la kijivu la familia. Nyuma, pande zote mbili. Lilikuwa la baba yake."

"Namba yake ninayo."

Alikwenda kwenye pikapu, akachukua simu yake kwenye koti, akatafuta, akabonyeza. Nilidhani ataongea yeye. Lakini alimpa baba yake, ikiwa imewekwa kwenye spika, na akasimama karibu naye. Iliita mara nne.

"Haloo?" Ilikuwa sauti nyembamba ya kitoto, na nyuma yake kelele za upepo na muziki.

Norbert alimeza mate. "Haloo, mjukuu wangu. Mama yupo?"

"Yupo, ila hawezi kushika simu. Anaendesha."

Niliona Corinne akishika nguzo ya kituo.

"Mko kwenye gari lipi?" Norbert aliuliza. "Lile la kijivu?"

"Ndiyo. Tunakwenda ziwani. Tuko wengi, mpaka mbwa."

"Mwambie Mama apunguze mwendo," alisema Norbert. "Polepole sana, asikanyage mafuta, asikanyage breki kwa nguvu. Apunguze, apunguze, asimame pembeni. Mwambie sasa hivi. Ninangoja hapa."

"Kwa nini?" Mtoto alisita. "Wewe ni nani?"

Machozi yalikuwa yanamchuruzika Norbert mashavuni, lakini sauti yake ilitoka nzima.

"Naitwa Norbert Jaskulski," alisema. "Mimi ndiye niliyelitengeneza gari lenu."